Kitabu Kilicho Kando ya Kibodi: Hotuba kuhusu Marejeo ya Lugha za Programu Yaliyochapwa

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu, wakutubi, na ninyi vijana mnaojifunza kuandika programu,

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wengi wenu, nikizisoma vizuri nyuso zenu, mlidhani limekwisha zikwa: vitabu vya marejeo vya lugha za programu, vile vya karatasi, vyenye mgongo uliopasuka kwa kufunguliwa kila mara na faharasa ndefu mwishoni. Mkutubi aliyenialika aliniuliza, kwa upole wa mtu ambaye amekwisha kata shauri, kama ipo sababu ya kuendelea kuvitengea rafu ilhali kila aketiye mbele ya kompyuta ana intaneti, na akili mnemba nayo huandika msimbo, yaani maandishi ya programu, kabla hata mtu hajamaliza kuuliza. Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba kitabu cha rejea kinafaa kwa sababu kina mwisho. Kina jalada la mbele na jalada la nyuma, na kilichomo kati ya majalada hayo mawili ni lugha nzima kama ilivyokuwa mwaka fulani unaojulikana. Anayekishika anaweza kujua kwamba amekimaliza, na anaweza pia kujua asichokijua, jambo ambalo uwanja wa kutafutia kwenye skrini hauwezi kumpa hata aandike maneno mangapi.

Ninaposema rejea sina maana ya kitabu cha kufundishia, kile kinachomshika mwanafunzi mkono sura kwa sura na kumpa mazoezi. Hivyo navyo vina kazi yake, lakini sivyo vya leo. Rejea ni kitabu unachokifungua katikati ya kazi, ukiwa na swali, na kukifunga baada ya dakika mbili; kinataja kila kipengele cha lugha, kinaeleza maana yake kamili, na kinasema wazi ni wapi lugha yenyewe haikuahidi chochote. Hilo la mwisho ndilo ninaloliona kuwa la thamani kuliko yote, nami nitalirudia.

Lugha hizi zilizaliwa pamoja na vitabu vyake. Mwongozo wa rejea wa Fortran kwa ajili ya mashine ya IBM 704 ulichapwa Oktoba 1956, na kompaila yenyewe, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya mashine, iliwafikia watumiaji mwaka 1957. Yaani watu walisoma lugha kabla ya kuweza kuitumia. Algol 60 ilikwenda mbali zaidi. Wataalamu wa Ulaya na Marekani walikubaliana juu ya ripoti fupi, iliyohaririwa na Peter Naur, na ripoti hiyo ya kurasa chache ndiyo iliyokuwa lugha. Hapakuwa na mashine moja wala kampuni moja ambayo mtu angeweza kuielekea na kusema kwamba yenyewe ndiyo Algol. Kompaila ikitofautiana na karatasi, kosa lilikuwa la kompaila. Nawaomba vijana mlitafakari hilo kidogo, maana siku hizi tumezoea kinyume chake: tunaandika kitu, tunakiendesha, kikifanya kazi tunaamini kwamba ni halali. Kumbe kufanya kazi leo kwenye mashine yako si ushahidi kwamba lugha inaruhusu ulichoandika.

Kisha mwaka 1978 kikaja kitabu cha Brian Kernighan na Dennis Ritchie kuhusu lugha ya C, chenye kurasa 228, na toleo lake la pili mwaka 1988, lenye kurasa 272. Mwishoni kina kiambatisho ambacho ni mwongozo wa rejea hasa, na kwa miaka zaidi ya kumi, kabla kiwango rasmi cha C hakijapitishwa mwaka 1989, walioandika kompaila walikiangalia kitabu hicho kama sheria. Nakitaja kwa sababu ndicho kilichonifundisha ninachotaka kuwaambieni leo, tena kwa njia ya fedheha.

Nilikuwa kijana kazini, nikiandika programu ya kusoma hali ya kifaa fulani. Kifaa kilileta namba moja, na kila biti ya namba hiyo, yaani kila tarakimu yake ya 0 au 1, ilikuwa na maana yake. Biti ya tatu ikiwa sifuri, ilimaanisha kifaa kiko tayari. Nikaandika sharti hili: if (hali & 4 == 0). Likisomwa kwa macho ya binadamu linasema, chukua hali, tenga biti ya tatu, yenye thamani ya 4, kisha uangalie kama imekuwa sifuri. Programu ilikubaliwa na kompaila bila neno, ikaendeshwa, na kifaa hakikuwa tayari hata mara moja. Nilikaa nalo siku mbili. Nilibadilisha waya, nikashuku kifaa, nikamshuku mwenzangu aliyekiunganisha (naye alinivumilia kuliko nilivyostahili), nikatafuta kila mahali maelezo ya kifaa kile na ya namna ya kukisoma, nikapata mengi, yote ya kweli na yote yasiyonihusu.

Jioni ya siku ya pili, kwa uchovu tu, nikafungua kitabu hicho cha C mahali pengine kabisa, nikitafuta jambo jingine dogo, na jicho likaangukia jedwali la opereta zote za lugha, yaani alama za kutendea kazi kama kujumlisha na kulinganisha, lililopangwa kuanzia zinazotangulia kutekelezwa hadi zinazokuja mwisho. Ni jedwali la mistari 15, halijazi hata ukurasa. Alama ya == iko juu ya alama ya &. Na karibu yake waandishi wamesema wazi kwamba anayepima biti ni lazima aweke mabano. Kwa hiyo kompaila ilikuwa ikianza na 4 == 0, ambayo si kweli na hutoa sifuri, kisha ikichukua hali na kuiunganisha na sifuri, na chochote kikiunganishwa na sifuri kwa alama ile ni sifuri. Sharti langu lisingeweza kutimia hata kifaa kingekaa tayari mwaka mzima. Mabano mawili yakamaliza kazi ya siku mbili.

Mtaniambia kwamba kompaila za leo, zikiamriwa kutoa maonyo yote, zingenionya kuhusu mabano hayo papo hapo. Ni kweli, nami nawasihi mziamrishe. Lakini tazameni kilichonikwamisha. Sikukosa jibu, nilikosa swali. Mtambo wa kutafuta humjibu mtu kwa kadiri ya maneno aliyoandika, nami maneno yangu yote yalihusu kifaa na waya, kwa kuwa ndiko nilikodhani kosa liliko. Hakuna neno ambalo ningeliandika likanipeleka kwenye mpangilio wa opereta, maana ningekuwa nalo neno hilo ningekuwa nimekwisha pona. Vivyo hivyo kwa akili mnemba: ukiieleza kwamba kifaa hakijibu, itakusaidia kwa ufasaha mkubwa kukichunguza kifaa. Ukurasa wa karatasi haujui umekuja kutafuta nini, kwa hiyo hukuonyesha pia jirani wa ulichokitafuta, na katika lugha za programu jirani ndiye mara nyingi mwenye hatia.

Na jedwali lile lina historia ambayo pia niliijua baadaye. Katika lugha ya B, iliyoitangulia C, alama ya & ilifanya kazi mbili, ya kuunganisha biti na ya kuunganisha masharti. Ritchie, aliyeiunda C, alipoleta && kwa ajili ya masharti peke yake, aliiacha & pale ilipokuwa ili msimbo uliokwisha andikwa usiharibike, na mwaka 1993 aliandika yeye mwenyewe kwamba ingekuwa bora kama ingehamishwa. Basi siku zangu mbili zililipia uamuzi wa huruma uliofanywa kwa watu waliokuwa wameandika msimbo kidogo tu wakati huo. Sina kinyongo, ila huwa natabasamu kila ninapoliona jedwali hilo.

Niseme sasa juu ya faharasa, kwa sababu ni sehemu inayodharauliwa na ndiyo iliyonifanya niwaheshimu baadhi ya waandishi na kuwakimbia wengine. Faharasa nzuri imetungwa na mtu aliyekaa akajiuliza: msomaji mwenye tatizo hili atalitafuta kwa jina gani, ikiwa jina lake halisi halijui? Kwa hiyo ataweka jambo moja mahali patatu. Atakumbuka kuweka pia alama zenyewe, nyota na mkwaju na alama ya ulizo, kwa kuwa anayekutana na alama asiyoijua hana neno la kuitafutia. Nanyi mmejaribu kuandika alama tupu kwenye mtambo wa kutafuta. Mnajua mara nyingi unachorudishiwa. Ninaponunua kitabu cha rejea huanza mwisho: natafuta alama tatu nne katika faharasa, nisipozikuta nakirudisha rafuni bila kusoma utangulizi. Kitabu kile cha C, kwa wanaopenda mzaha mkavu, kina ingizo katika faharasa kuhusu funksheni (kipande cha msimbo chenye jina) inayojiita yenyewe, na mojawapo ya kurasa zinazotajwa hapo ni ukurasa uleule wa faharasa.

Kuna faida nyingine inayotokana na ugumu wenyewe wa karatasi. Kitu kikishachapwa hakirekebishiki kimyakimya. Mwandishi analijua hilo, mhariri analijua, na hofu hiyo huwafanya wajaribu kila mfano kabla haujafika kiwandani. Donald Knuth, mtaalamu wa kompyuta ambaye vitabu vyake si marejeo ya lugha moja lakini ni vya ukoo huohuo, alikuwa akimpelekea hundi ya dola 2.56 yeyote aliyemwonyesha kosa katika kitabu chake, na wataalamu wakubwa walizitundika hundi hizo ukutani badala ya kuzipeleka benki. Kosa katika ukurasa wa tovuti hufutwa, na jana likawa halikuwapo. Kosa katika kitabu lina namba ya ukurasa. Ninalipenda hilo si kwa sababu ya makosa, ila kwa sababu ya namba: ninaweza kumwambia mwenzangu wa zamu ya usiku afungue ukurasa fulani, mstari fulani, na tukawa tunasoma maneno yaleyale, leo na miaka kumi ijayo. Jibu la akili mnemba haliwezi kushikwa hivyo. Mimi na wewe tukiuliza swali moja tunaweza kupata majibu mawili, na nimeona kwa macho yangu funksheni ikipendekezwa kwa jina zuri, ikiwa na vigezo, yaani thamani inazopewa, vinavyopendeza na maelezo ya matumizi, ilhali funksheni hiyo haipo katika lugha husika wala haijawahi kuwapo. Aliyeletewa alikuwa na kitabu mezani. Alifungua orodha ya funksheni, akafika kwenye herufi husika, hakuikuta, akaendelea na kazi. Orodha yenye mwisho ndiyo pekee inayoweza kusema kwamba kitu hakipo.

Sasa nisije nikaonekana nauza vitabu. Karatasi huzeeka, na inapozeeka haikwambii. Chukueni kugawanya namba hasi. Katika C, ukigawanya hasi 7 kwa 2 ukitaka namba kamili, toleo lile la mwaka 1988 linasema kwamba jibu kukatwa kuelekea upande gani, na baki kuwa hasi au chanya, kunategemea mashine. Huo ni ukweli wa wakati wake, na ni mfano wa lile nililosema mwanzoni, la kitabu kutaja ambacho lugha haikuahidi. Lakini kiwango cha mwaka 1999 kiliamua: jibu hukatwa kuelekea sifuri, hivyo ni hasi 3, na baki ni hasi 1. Lugha ya Python, kwa alama yake ya // (kugawanya) na ya % (baki), huelekea chini, hivyo jibu ni hasi 4 na baki ni chanya 1. Mtu anayehamisha hesabu za tarehe kutoka lugha moja kwenda nyingine bila kulijua hilo atapata siku zinazopotea, na hatajua zimepotelea wapi. Rejea ya lugha moja haimtoshi, na rejea ya zamani ya lugha ileile inaweza kumwambia kwamba jambo halijaamuliwa ilhali limekwisha amuliwa.

Kuna kisa kikali zaidi. Kitabu hichohicho kinaiorodhesha funksheni ya gets, inayosoma mstari mzima bila kujua nafasi iliyotengwa ina ukubwa gani. Novemba ya mwaka uleule wa 1988, programu iliyojulikana kama mnyoo wa Morris ilienea katika intaneti ya wakati huo, na mojawapo ya milango yake ilikuwa huduma iliyotumia gets: ilipoandikiwa mstari mrefu kuliko nafasi, ziada ilimwagika juu ya kumbukumbu ambayo haikuwa yake. Funksheni hiyo iliondolewa kabisa katika kiwango cha mwaka 2011. Nakala iliyoko rafuni bado inayo, imepangwa vizuri pamoja na ndugu zake, bila neno la kilio. Kwa hiyo anayeazima nakala hiyo bila kujua mwaka wake ameazima pia hatari.

Na Python 3, iliyotolewa Desemba 2008, ilibadilisha hata kugawanya kwa kawaida: 7/2 iliyokuwa 3 katika Python 2 ikawa 3.5. Python 2 iliacha kutunzwa Januari 1, 2020, na kwa zaidi ya miaka kumi matoleo mawili ya lugha moja yalikaa pamoja kwenye meza za watu, na vitabu vyake vikakaa pamoja kwenye rafu, vingine majalada yakifanana. Hapo sikulaumu wanafunzi waliokasirika na karatasi.

Ndiyo maana natofautisha kwa ukali kati ya lugha yenyewe na vile vinavyojengwa juu yake. Msingi wa lugha, yaani sarufi yake, aina za data, mpangilio wa opereta, maana ya kila neno lililohifadhiwa, hubadilika polepole, nao unastahili karatasi. Kitabu cha lugha ya AWK cha mwaka 1988 kilipata toleo lake la pili mwaka 2023, baada ya miaka 35, na katika miaka yote hiyo aliyekuwa na toleo la kwanza alifanya kazi yake bila shida kubwa. Lakini maktaba za msimbo za kujengea kurasa za tovuti, zile zinazotoa toleo jipya kabla hujazoea la jana, hazina haja ya kuchapwa. Kitabu chake huanza kuchacha kikiwa bado kwenye lori. Fedha ya kununulia vitabu hivyo nimeipoteza mara kadhaa, na vingine viko nyumbani vimeegemeza skrini.

Vijana huniuliza namna ya kukitumia kitabu cha rejea, kwa kuwa hawajawahi kuona mtu akikitumia. Mimi hufanya hivi ninapokutana na lugha mpya. Nasoma yaliyomo yote, polepole, kama mtu anayesoma ramani ya mji atakaohamia. Sitafuti kuelewa, natafuta kujua mitaa iliyopo. Kisha nasoma sura ya maneno yaliyohifadhiwa na jedwali la opereta. Baada ya hapo nakiweka kando ya kibodi, nami huandika humo kwa penseli. Toleo langu la C lina maandishi pembeni kuhusu kugawanya, kuhusu gets, na kuhusu lile sharti la biti, ambapo nimeandika tarehe na neno moja ambalo sitalitamka mbele ya walimu wangu. Mfano nikiutaka nauandika kwa vidole, herufi kwa herufi, kwa kuwa karatasi hainakiliki kwa kubofya. Na katika kuandika huko ndipo mara nyingi ninapotambua kwamba kuna nukta-mkato au mabano ambayo jicho lilikuwa limeyaruka.

Na intaneti? Naitumia kila siku. Naitumia kujua toleo la sasa linasema nini, kuona makosa ambayo wengine wamekutana nayo, na kusoma kiwango chenyewe pale kinapopatikana. Akili mnemba naitumia kuniandikia rasimu ya mambo niliyokwisha yaelewa. Ila ninapotaka kujua kama kitu ni halali, si kama kinafanya kazi, nafunga vyote viwili kwanza.

Sasa nimjibu mkutubi. Rafu moja inatosha. Wekeni rejea moja nzuri ya msingi kwa kila lugha inayofundishwa hapa, toleo jipya kabisa linalopatikana, na mgongoni bandikeni mwaka wake kwa tarakimu kubwa, mkiongeza ni kiwango gani cha lugha kinachoelezwa, ili anayenyoosha mkono ajue anachokitoa. Vitabu vya maktaba za msimbo vitoeni bila huzuni. Lakini msitupe matoleo ya zamani ya lugha zenyewe. Yatengeni sehemu ya chini, yakiwa na alama. Ipo misimbo mingi inayoendesha mitambo hadi leo iliyoandikwa kwa C ya mwaka 1978, ambamo aina za vigezo vya funksheni hutajwa nje ya mabano, kwenye mistari inayofuata kabla ya mwili wa funksheni. Kiwango kiitwacho C23 kimeiondoa namna hiyo kabisa, na kijana atakayekabidhiwa msimbo wa aina hiyo kesho ataambiwa na kompaila mpya kwamba anachokisoma si C. Toleo la kwanza litamwonyesha kwamba kilikuwa C, na litamwonyesha kinasomwaje.

Nimekuja na matoleo yote mawili, la 1978 na la 1988, yako hapo mezani karibu na mlango. Jedwali la opereta limo katika sura ya pili ya kila moja. Karibuni myafungue, na penseli ninayo kwa atakayekuta kosa katika maandishi yangu ya pembeni.